Uti wa Lisini na Matawi Yake

Historia ya polipeptidi za kutengenezwa husimuliwa kwa kuwataja wanakemia waliozijenga. Naona inaeleweka vizuri zaidi tukifuata vimeng'enya vilivyozivunja, au vilivyoshindwa kuzivunja. Mwanzoni mwa karne ya 20 Emil Fischer, akiwa Berlin, aliijaribu minyororo yake mifupi ya asidi amino kwa majimaji ya kongosho. Mingine ilikatika, mingine haikuguswa. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1930, Max Bergmann na Joseph Fruton wa Taasisi ya Rockefeller, New York, walikuwa wameonyesha kwamba hata peptidi ndogo hukatwa, mradi asidi amino inayotakiwa ipo mahali pake. Huko Rehovot, katika Taasisi ya Weizmann, kipimo hicho kilizaa matunda zaidi. Ephraim Katchalski, ambaye baadaye alikuwa rais wa Israel, alikuwa ametengeneza polilisini, yaani lisini tupu iliyojirudia. Tripsini, kimeng'enya cha kongosho, huikata kwa urahisi, kwa kuwa mkono wa lisini una chaji chanya inayovutwa na chaji hasi iliyo ndani ya kimeng'enya. Mwaka 1956 yeye na Michael Sela, pamoja na mwenzao, wakaeleza polipeptidi zenye matawi, baadhi zikiwa na matawi ya alanini yaliyooteshwa kwenye mikono ya lisini. Hapo chaji huhamia kwenye ncha ya tawi, uti hufunikwa, na tripsini hukosa pa kushika.

Kuna hoja kwamba molekuli hizi hazipo katika maumbile, basi kuvunjika kwake hakutufundishi lolote kuhusu mwili. Siikubali. Protini ya asili huchanganya asidi amino 20, na ni vigumu kujua ipi imeleta badiliko gani. Katika molekuli hizi kitu kimoja hubadilishwa na vingine vikabaki vilevile. Mwaka 1965 Hugh McDevitt na Sela waliwadunga panya wa maabara molekuli yenye tirosini na asidi glutamiki kwenye ncha za matawi. Panya wa ukoo wa C57 walitoa kingamwili nyingi, wa CBA chache, na tofauti hiyo ilirithiwa. Nazo polima za asidi amino zenye umbo la D, yaani lililogeuzwa kama kwenye kioo, ambazo vimeng'enya vya mwili havizimudu, ziliamsha kinga kwa shida. Sababu ilijitokeza baadaye: seli huimeza molekuli, vimeng'enya vyake huikatakata, kisha vipande huonyeshwa kwa seli T za kinga. Jeni zilizowatofautisha panya wale ni za molekuli zinazovibeba vipande hivyo.