Ufundi Uliohama: Historia ya Modeli Ndogo na Rangi Zake

Tangu seti za vipande vya plastiki zilipoingia madukani, wajenzi wa modeli ndogo za ndege, meli na magari wamebeba lawama moja isiyopoa: kwamba kazi yao si ufundi tena. Kiwanda, wasema walaumu, kimekwisha kuchonga kila kitu; mnunuzi anakata vipande, anatia gundi, anabandika. Zamani fundi alianza na gogo, leo anaanza na boksi. Lawama hii ina ukweli ndani yake, na ndiyo maana imedumu. Lakini imejengwa juu ya dhana ambayo historia haiikubali, kwamba ufundi wa modeli ulikuwa kuchonga umbo tu. Shughuli hii tangu zamani ilikuwa na kazi mbili: kulipata umbo kwa skeli sahihi, kisha kulimalizia kwa rangi na mapambo hadi jicho lisadiki kwamba linaona kitu kizima kwa mbali. Plastiki iliichukua kazi ya kwanza. Ya pili ilibaki mikononi mwa mtu, na humo imekua kuliko ilivyowahi kuwa. Hoja yangu ni kwamba ufundi ulihama kutoka kwenye patasi kwenda kwenye brashi, na kwamba uhamaji huo unastahili heshima yake katika historia ya kazi za mikono.

Modeli haikuzaliwa kama mchezo. Mwaka 1920, wachimbaji wa Jumba la Makumbusho la Metropolitan la New York walifungua chumba kilichofichwa katika kaburi la Meketre, ofisa mkubwa wa Misri aliyeishi karibu miaka 4,000 iliyopita. Ndani walikuta modeli za mbao zipatazo 24: mashua, ghala la nafaka, tanuri la mikate, ng'ombe wakihesabiwa mbele ya bwana wao. Umbo la watu waliomo katika modeli hizo limechongwa kwa wepesi, lakini rangi ndiyo inayotuambia nani ni nani: ngozi, nguo nyeupe, mabaka ya kila ng'ombe. Katika nusu ya pili ya karne ya 17, nchini Uingereza, modeli ilikuwa chombo cha serikali. Mafundi wa jeshi la majini walijenga meli za kivita kwa skeli ya 1 kwa 48, wakaacha sehemu ya chini bila mbao ili mataruma yaonekane yote. Hapo umbo lilikuwa na uzito mkubwa, kwa kuwa modeli ilionyesha chombo ambacho kingegharimu hazina ya taifa. Hata hivyo, mapambo ya tezi yalichongwa na kutiwa dhahabu kwa uangalifu uleule, kwa sababu wakuu walitaka kuiona meli kama itakavyokuwa siku ya kushushwa majini. Tangu mwanzo, basi, kumalizia hakukuwa pambo la juu juu. Kulikuwa nusu ya ushahidi.

Mfano wa wafungwa wa Norman Cross, karibu na mji wa Peterborough, unaonyesha nusu hiyo ikisimama peke yake. Gereza lile lilijengwa mwaka 1797 kwa ajili ya mateka wa vita vya Uingereza na Ufaransa, likadumu hadi 1814. Mateka waliokusanya mifupa ya nyama ya chakula chao waliichemsha, wakaipasua vibao vyembamba na kujenga meli zilizouzwa sokoni langoni mwa gereza. Kwa kuwa walijenga kwa kumbukumbu, bila michoro, vipimo vya meli nyingi havilingani: milingoti mirefu mno, bodi fupi mno. Lakini ung'arishaji wa mfupa, wembamba wa kamba na upangaji wa mizinga ni wa kiwango kinachofanya makumbusho yazihifadhi hadi leo. Hakuna anayesema wafungwa wale hawakuwa mafundi kwa sababu vipimo viliwapotea. Basi kwa nini tuseme si fundi yule ambaye vipimo amepewa na kiwanda, ilhali kumalizia ni kwake?

Pwani yetu nayo ina shahidi wake. Mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za makumbi badala ya kupigiliwa misumari, kikisafiri kwa tanga la mkeka, ulitoweka baharini katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Mafundi wa pwani hawakujenga kwa michoro ya karatasi; ramani ilikuwa machoni na mikononi, ikapokewa na kijana aliyesimama karibu na mzee wake. Mnyororo huo ulipokatika, yaliyobaki ni maelezo ya wasafiri, picha chache na modeli ndogo zilizohifadhiwa katika makumbusho, zikiwemo za Lamu na Ngome ya Yesu Mombasa. Humo ndimo tunamoona si mkao wa mbao pekee, bali pia omo lililochongwa kama shingo na kichwa ambacho mapokeo husema ni cha ngamia wa Mtume, na macho yaliyochorwa mbele ya chombo. Aliyetia rangi yale macho madogo alituhifadhia jambo ambalo vipimo vya mkuku visingeweza kulisema.

Mabadiliko makubwa yalianza katika miaka ya 1930, ndege zilipowateka vijana wa Uingereza. Seti za Skybirds, za mbao na vipande vya metali, zilieneza skeli ya 1 kwa 72, yaani inchi moja kwa futi sita, na mnunuzi alitakiwa kulichonga na kulipiga msasa bawa hadi lifanane na mchoro. Mwaka 1936 zikaja seti za Frog Penguin, ambazo huhesabiwa kuwa za kwanza za ndege kutengenezwa kwa plastiki. Jina lilichaguliwa kwa sababu pengwini ni ndege asiyeruka, na modeli nyingine za kampuni ile ziliruka kweli. Kisha vita vikaingia. Mwaka 1942 jeshi la majini la Marekani liliwaomba wanafunzi wa shule wachonge ndege 500,000 za mbao, aina 50, kila aina 10,000, kwa ajili ya kuwafundisha askari kutofautisha rafiki na adui. Skeli ilikuwa ileile ya 1 kwa 72, na hesabu yake ni nyepesi: modeli iliyoshikwa umbali wa mita 10 huonekana kama ndege halisi iliyo umbali wa mita 720. Modeli zile zilipakwa rangi nyeusi tupu, kwa kuwa mlinzi hakuhitaji zaidi ya kivuli cha ndege angani. Huu ndio wakati pekee katika historia hii ambapo umbo lilikuwa kila kitu na rangi haikuwa na la kusema. Wanaodhani ufundi wa modeli ni uchongaji tu wanachukua hitaji la miaka michache ya vita na kulifanya sheria ya kudumu.

Baada ya vita, kalibu ya chuma ilimaliza kazi ya patasi kwa watu wengi. Kampuni ya Airfix, iliyoanzishwa London mwaka 1939 na Nicholas Kove, mhamiaji kutoka Hungaria, ilitengeneza modeli ya trekta la Ferguson mwaka 1949 kwa ajili ya mawakala wa matrekta. Baadaye vipande vyake vikauzwa madukani bila kuunganishwa. Mwaka 1952 ikafuata meli ndogo ya Golden Hind, iliyouzwa kwa shilingi mbili za Kiingereza katika maduka ya Woolworths, ndani ya mfuko mwepesi wa plastiki ili bei isipande. Nchini Japani, Tamiya ya Shizuoka, iliyoanza mwaka 1946 kama biashara ya mbao, ililazimika kuzifuata modeli za plastiki zilizotoka nje, ikatoa manowari ya Yamato mwaka 1960. Muda mfupi baadaye ilitoa kifaru cha Panther kwa skeli ya 1 kwa 35, ambayo sasa imeenea duniani kote, na sababu yake ilikuwa kwamba betri na mota zilihitaji nafasi ndani ya bodi. Hata skeli yenyewe, basi, iliamuliwa na betri. Plastiki iliyoyeyuka ikisukumwa kwenye kalibu hutoa bawa lilelile mara elfu, na mtoto wa Leeds na mzee wa Osaka hupata vipande visivyotofautiana hata kwa unywele.

Usawa huo ndio uliofungua mlango wa ufundi mpya. Watu elfu wakianza na vipande vilevile, tofauti kati yao haiwezi kutoka kwenye boksi. Lazima itoke mkononi. Kazi huanza kwa kukwangua alama za kalibu, kuziba mianya ya viungo, kupiga msasa hadi mshono upotee, kwa kuwa ndege halisi haina mstari wa gundi mgongoni. Ikifuata rangi ya kwanza, kila kosa hujitokeza, na mjenzi hurudi nyuma. Halafu huja yale ambayo wachongaji wa miaka ya 1930 hawakuyafikisha mbali: rangi ya mafuta iliyozimuliwa sana huachiwa itiririke kwenye mifereji ya bati ili kuonyesha kivuli, brashi iliyo karibu kavu hupitishwa juu ya kingo ili ziangaze, chumvi hunyunyizwa kabla ya rangi ya juu, kisha huondolewa kuacha mabaka kama ya rangi iliyobanduka. Katika miaka ya 1970 Shepard Paine wa Chicago aliwafundisha wengi mbinu za namna hii kupitia vipeperushi vilivyowekwa ndani ya maboksi ya seti za kampuni ya Monogram. Mbelgiji François Verlinden akazieneza Ulaya. Na tangu miaka ya 2000 mafundi wa Hispania wamezidisha elimu ya kupuliza rangi kwa vivuli vinavyopanda na kushuka. Yote haya ni maarifa yenye walimu, wanafunzi, vitabu na mabishano, na kazi ya mikono yenye hayo haiwezi kuitwa ubandikaji.

Anayetaka ushahidi wa nje ya burudani hii autazame Stockholm. Meli ya Vasa ilizama mwaka 1628 katika safari yake ya kwanza, ikaopolewa mwaka 1961. Kwa miaka mingi watu waliamini kwamba sanamu zake zilikuwa za dhahabu juu ya rangi ya buluu. Uchunguzi wa chembe za rangi zilizosalia kwenye mbao ulionyesha tezi jekundu lililojaa sanamu za rangi nyingi, na makumbusho yanaueleza ukweli huo kwa modeli ya skeli ya 1 kwa 10 inayosimama kando ya meli yenyewe. Bodi la meli halisi lipo zima, kila mtu analiona. Kilichokosekana kilikuwa rangi, na ni modeli iliyokirudisha. Filamu ya Star Wars ya mwaka 1977 ni ushahidi wa namna nyingine. Mafundi wake walibomoa seti nyingi za vifaru na meli, wakabandika vipande vyake juu ya vyombo vya anga, kisha wakavipaka masizi, mafuta na mikwaruzo. Watazamaji walisadiki kwa sababu ya uchafu ule. Vipande vilikuwa vya dukani. Imani iliyojengeka ilikuwa kazi ya wamaliziaji.

Kuna pingamizi zito zaidi, na halifai kupitwa kimyakimya: kwamba sehemu kubwa ya modeli hizi ni silaha, na kwamba kuzitia uzuri ni kuutukuza uuaji. Ni kweli kwamba viwanda vilistawi kwa kuuza kumbukumbu za vita, na picha za maboksi ziliwaonyesha watoto ushindi usio na maiti. Lakini hapo tena kumalizia ndiko kunakobeba jibu. Silaha inayong'aa kama siku ya gwaride husema uongo; iliyopakwa kutu, matope na alama za risasi hukumbusha kwamba vita humaliza chuma na watu. Mojawapo ya kazi zinazokumbukwa za Paine ni ndege ya B-17 iliyotua kwa tumbo, si ile inayopaa kwa fahari. Siyo kila mjenzi hufikia ukweli huo, ila chombo cha kuufikia ni brashi, na anayeitumia vibaya alaumiwe yeye badala ya kazi yenyewe.

Wengine watasema kwamba muda wa hoja hii umekwisha, kwa kuwa sasa kuna modeli zinazouzwa zikiwa tayari zimepakwa rangi, na mashine zinazochapa umbo lolote mezani nyumbani. Mashine hizo zinaendeleza kile kile kilichofanywa na kalibu: zinarahisisha umbo. Kipande kinachotoka kwenye mashine huwa na mistari ya tabaka inayohitaji msasa, nacho hutoka cha rangi moja. Modeli iliyopakwa kiwandani, nayo, hufanana na wenzake wote, na kufanana huko ndiko kulikowafanya wapenzi wa kazi hii washike brashi tangu awali.

Historia hii ina neno kwetu watu wa pwani na bara lake. Mtepe uliojengwa upya kwa ukubwa wa kusafiria mwaka 2003 uliwekwa ndani ya Beit el-Ajaib, Unguja, na mwaka 2020 sehemu ya jengo hilo iliporomoka. Chombo kikubwa kinahitaji jumba kubwa, na jumba linaweza kuanguka. Modeli inaingia rafuni mwa shule. Jahazi, mashua, dau na ngalawa bado zina mafundi walio hai wanaojua si mbao zake tu, bali pia zinavyopakwa mafuta ya papa, mahali pambo linapokaa na jinsi jua na chumvi vinavyolibadilisha tanga. Makumbusho na shule zetu ziwaite mafundi hao wakae na vijana, wajenge vyombo hivi kwa skeli moja inayoandikwa wazi, na wavimalizie kwa rangi zake za kweli, na uchakavu wake wa kweli. Kazi hiyo ifanywe sasa, wakati watu wa kuulizwa bado wapo.