Gati ya Kilindini na gati za Kashi

MKAZI wa Ganjoni hahitaji kuelezwa gati ni nini. Nyumbani kwake anasikia honi za meli, na jirani yake kuli akirudi kazini humwambia, "Leo tulikuwa gati nambari tisa, meli ya mchele." Kamusi zetu nazo zinamuunga mkono: gati ni mahali meli inapofunga ili ipakie au ipakue shehena. Basi, neno limeeleweka, na mjadala umekwisha.

Haujaisha. Ukiuliza gati ilitoka wapi, wapo watakaokwambia ni Kiingereza, lile neno la lango, kwa kuwa bandari ina malango yenye nambari pia. Lakini wanaisimu waliochunguza maneno ya Kihindi katika Kiswahili hulirudisha kwenye neno ghat. Sauti zinakubali. Ile "gh" ya Kihindi hutamkwa kwa pumzi na si sawa na "gh" ya ghali au ghorofa, kwa hiyo mdomo wa Mswahili umeifanya "g" ya kawaida. Konsonanti ya mwisho nayo imepewa irabu, kama lakh ilivyokuwa laki. Maana inakubali vilevile, kwani ghat ni mahali pa kuteremkia majini.

Na kama kuna mji mmoja duniani unaojulikana kwa gati zake, mji huo hauko pwani yoyote. Ni Kashi, ambao wengine huuita Banaras na serikali ya India imeuita rasmi Varanasi tangu mwaka 1956. Uko ukingoni mwa mto Ganga, mbali kabisa na bahari.

Msafiri anayefika Kashi alfajiri atazikuta gati zaidi ya 80 zikiwa zimepangana ukingo wa magharibi. Ni ngazi za mawe zinazoteremka hadi ndani ya maji. Mto Ganga kwa jumla huelekea mashariki, lakini hapo hupinda ukaelekea kaskazini, kwa hiyo anayeoga ngazini hulitazama jua likichomoza ng'ambo. Huko hapakuliwi mchele. Watu huoga, husali, hufua nguo, hunyolewa, na huwaaga wafu wao. Katika gati ya Manikarnika na ile ya Harishchandra maiti huteketezwa kwa kuni mchana na usiku. Wahindu huamini kwamba afiaye Kashi huachiliwa asizaliwe tena duniani, na ndiyo sababu wapo wazee wanaohamia huko kwa nia ya kufia huko tu.

Mji huu ni mkongwe sana. Mtawa wa Kichina, Xuanzang, aliutembelea katika karne ya 7 akaandika habari zake. Karibu nao, mahali paitwapo Sarnath, ndipo Buddha alipotoa mahubiri yake ya kwanza. Hekalu kuu la Vishwanath lilibomolewa mwaka 1669 kwa amri ya mfalme Aurangzeb, na hili linalozuriwa leo lilijengwa na malkia Ahilyabai Holkar mwaka 1780. Msidhani, hata hivyo, kwamba ni mji wa Wahindu peke yao. Wafumaji wengi wa sari zake mashuhuri ni Waislamu. Kabir, mshairi wa karne ya 15 anayeheshimiwa na dini zote mbili, alilelewa humo katika familia ya wafumaji wa Kiislamu. Bismillah Khan, bingwa wa zumari ya shehnai aliyefariki mwaka 2006, alikuwa Mwislamu aliyepiga zumari yake hekaluni. Mtu wa Mji wa Kale, aliyezoea msikiti, hekalu na kanisa kusikilizana, hatashangaa sana.

Sasa, neno lilifikaje Kilindini? Halikutoka Kashi moja kwa moja. Lilikuja na watu wa Gujarat na Kutch, waliovuka bahari kwa majahazi: kaskazi likiwaleta, kusi likiwarudisha. Hao ndio waliotuletea pia pesa, laki, bima, hundi na gari, na jikoni wakatuachia chapati, bajia na achari. Baadaye ikaja reli. Kuanzia mwaka 1896 vibarua wapatao 32,000 waliletwa kutoka India kuijenga kutoka Mombasa hadi Ziwa Victoria, na takriban 2,500 kati yao walifia kazini.

Hebu itazame ile orodha ya maneno kwa makini. Ni maneno ya duka, ya chombo na ya chakula. Ya ibada hayamo. Tumekaa na Wahindu mtaa mmoja kwa karne kadhaa, tunanunua kwao na kuwauzia, na tukitaka kusema juu ya dini yao tunaazima Kiarabu: hekalu, ibada, sadaka. Hata gati ilipovuka bahari ilishuka na shehena peke yake. Sala, maua, taa na majivu ilibaki navyo kule mtoni.

Tukakosa neno zuri hata la kumwita mwenye dini hiyo. Banyani, kwa asili, ni neno la Kigujarati la tabaka la wafanyabiashara. Si tusi. Lakini Waswahili tuna methali yetu, "Banyani mbaya kiatu chake dawa", na kila mtoto wa pwani anajua inavyosemwa na kwa sauti gani. Methali yenyewe inakiri kwamba tunamhitaji huyo tunayemsema vibaya. Mhindi nalo halitoshi, maana Mhindi anaweza kuwa Mwislamu, Mkristo, au yule Singasinga tumwitaye Kalasinga. Neno sahihi la mfuasi wa dini ni Mhindu. Tofauti ni irabu moja tu, na magazeti bado yanaikosea.

Kosa la kuitazama dini ya mwenzio kwa msamiati wako lina historia hapahapa kisiwani. Tarehe 7 Aprili 1498 meli za Vasco da Gama zilitia nanga mbele ya Mombasa. Wareno wawili waliotumwa mjini walipelekwa katika nyumba ya wafanyabiashara wawili, wakaonyeshwa karatasi yenye picha iliyokuwa ikiabudiwa. Shajara ya safari hiyo inasema wenyeji wao walikuwa Wakristo na picha ilikuwa ya Roho Mtakatifu. Katika karne ya 19 Richard Burton alitoa maelezo yenye mantiki zaidi: huenda walikuwa Wahindu, na picha ilikuwa ya Shiva na mkewe katika sura ya njiwa. Mwezi uliofuata, huko Calicut, da Gama na watu wake waliingia hekaluni wakasali, wakidhani wamo kanisani. Walikuja na jina tayari kabla ya kuona kitu, kwa hiyo wakakiona walichotaka kukiona.

Sasa mlinganishe na msafiri wa aina nyingine. Mwaka 1893 wakili kijana, Mohandas Gandhi, akielekea Natal, alipitia bandari za Lamu, Mombasa na Zanzibar. Miaka tisa baadaye, akiwa India katika behewa la daraja la tatu, alishuka Kashi. Aliufuata utaratibu wote: akaoga Ganga, akaswali swala ya Kihindu chini ya kuhani mwenyeji, kisha akaenda Vishwanath. Katika kumbukumbu za maisha yake anaeleza kichochoro chembamba chenye utelezi, nzi, makelele ya wachuuzi, na maua yaliyooza ndani ya hekalu. Alipotoa sadaka ya sarafu ndogo kabisa, kuhani wa pale alimkasirikia. Mwaka 1916 alirudi kwenye sherehe za Chuo Kikuu cha Wahindu cha Banaras, na mbele ya wakubwa wa nchi akausema uchafu wa vichochoro hivyo. Alikuwa Mhindu wa kweli, na hakuona kwamba utakatifu wa mji unamzuia kusema ukweli wake. Msafiri wa Mombasa anayekwenda leo angefuata mfano huo: asiende kudharau, wala asiende kufumba macho.

Na wasafiri wa kutoka hapa wapo. Zamani walikwenda kwa meli za kampuni ya British India, kama vile Karanja na Kampala, zilizosafiri kati ya Bombay na Mombasa hadi miaka ya 1970, kisha treni kwa zaidi ya kilomita elfu moja. Leo huenda kwa ndege. Wengine hubeba majivu ya mzazi ili wayatie Ganga. Asiyeweza kufika huko huyatia katika bahari yetu hii, kwa imani kwamba maji yote hukutana.

Safari hiyo tuiite nini kwa Kiswahili? Pwani, ukisema hija, mtu anafikiria Makka. Lakini Wakristo nao husema hija ya Namugongo au ya Yerusalemu na hakuna anayelalamika, kwa hiyo hija ya Kashi ni Kiswahili halali. Wahindu wenyewe wana neno zuri zaidi. Mahali patakatifu hupaita tirtha, neno la Kisanskriti ambalo maana yake ya asili ni mahali pa kuvukia mto. Kwa Kiswahili ni kivuko, hicho hicho cha Likoni. Wanaamini kwamba Kashi ni mahali ambapo mtu huvuka kutoka maisha haya kwenda ng'ambo. Mtu wa kisiwani, ambaye kila siku huona maelfu wakiteremka kwenda feri, anaielewa lugha hiyo bila ya mkalimani.

Lipo neno jingine linalohitaji uangalifu zaidi. Wangari Maathai alipofariki mwaka 2011 mwili wake uliteketezwa katika tanuri la Kariokor, Nairobi, na Wakenya wengi wakajikuta wanajadili jambo walilokuwa wakilihesabu la Wahindu tu. Kinywani kilichotoka ni "kuchomwa". Lakini kuchoma ni kwa nyama, mahindi na takataka. Kuteketeza ni afadhali, ingawa nalo lina harufu ya ajali. Kwa maiti watu wa Mombasa tuna kitenzi cha heshima, kusitiri: husemi tumemfukia, wasema tumemsitiri. Kwa nini tusiseme marehemu amesitiriwa kwa moto? Kitenzi tunacho. Tumezoea tu kumpa jirani wa dini yetu na kumnyima jirani wa dini nyingine.

Kwa hiyo mwandishi wa Kiswahili anayetaka kuieleza Kashi hana haja ya kujaza ukurasa maneno ya kigeni. Ngazi za mtoni aziite gati, kwa kuwa neno hilo ni letu tangu kale. Mji wenyewe auite kivuko, na anayeuzuru amwite Mhindu. Gati ikipewa tena maana yake ya pili, kuli wa Kilindini na bibi wa Kihindu anayeishi Ganjoni watakuwa wanatumia neno moja, kila mmoja akijua mwenzake analifanyia nini.