Gharama ya Ombi: Dhahabu ya Riwaya ya Watoto na Dhahabu ya Ukanda wa Shinyanga na Geita

Mwaka 1902 mwandishi wa Uingereza, Edith Nesbit, alichapisha riwaya ya watoto iitwayo Five Children and It. Ndugu watano wanachimba katika shimo la kokoto na kumfukua kiumbe wa kale anayetimiza ombi moja kila siku. Wanapoomba utajiri, shimo linajaa sarafu za dhahabu; lakini sarafu hizo ni za zamani, wenye maduka wanazikataa, na watoto wanashukiwa wizi. Jua linapotua, dhahabu inatoweka. Masimulizi hayo yamejengwa juu ya kanuni mbili: madhara ya ombi humrudia mwombaji, nayo yana kikomo. Methali ya Kiswahili, tamaa mbele mauti nyuma, inaafiki kanuni ya kwanza.

Historia ya ukanda wa dhahabu wa Shinyanga na Geita inazikanusha zote mbili. Mgodi wa zamani wa Geita ulifungwa mwaka 1966; mgodi mkubwa wa sasa ulianza uzalishaji mwaka 2000. Kando ya migodi mikubwa, wachimbaji wadogo walifukua maduara bila vipimo vya kijiolojia: duara moja hutoa dhahabu, la jirani hutoa mawe matupu. Pengo hilo la maarifa lilijazwa na dhana ya bahati, na baadhi ya waganga wakaiuza bahati hiyo. Bryceson na wenzake (2010) wanayahusisha mauaji ya watu wenye ualbino, yaliyoshtadi kuanzia mwaka 2007, na biashara ya dawa za machimbo.

Septemba 2009 Mahakama Kuu, ikiketi Kahama, iliwahukumu wanaume watatu kunyongwa kwa kumuua mvulana wa miaka 14 mwenye ualbino huko Bukombe, wilaya iliyokuwa mkoani Shinyanga kabla ya mkoa wa Geita kuanzishwa mwaka 2012. Ilikuwa hukumu ya kwanza ya aina yake nchini. Awe mteja wa dawa ni mchimbaji au mtu mwingine, aliyelipia ombi ni mtoto ambaye hakuomba chochote, wala hasara hiyo haikukoma jua lilipotua.

Hivyo basi, uhakiki wa fasihi ya watoto unaoishia kwenye funzo la kukanya tamaa haumtoshi msomaji mdogo wa ukanda huu. Swali linalomhusu zaidi ni nani anayetozwa gharama ya ombi la mtu mzima.