Ndoana Moja, Chewa Mmoja

Nikiona kijana akirusha chambo bandia kwa fimbo nyepesi kwenye miamba ya Mombasa, mimi huwaza chewa. Samaki huyu hukaa pangoni. Akinasa anarudi mbio ndani, mwamba unakata mshipi. Kumtoa ni ufundi, tena mmoja mmoja.

Mwaka 1968 serikali ilitenga hifadhi za bahari za Malindi na Watamu. Humo ndani hata ndoana ikawa marufuku. Lakini nje, juya linalokokota mpaka samaki wachanga halikupigwa marufuku hadi 2001. Miaka 33!

Matumbawe yalihitaji ulinzi, sikatai. Ila mtu wa mshipi alipoteza mwamba wake mapema, akaachwa agombanie kilichobaki na wenye juya. Historia ya uhifadhi imhesabu na yeye.