Askari Walioweka Silaha Abercorn

Wasikilizaji wetu wa Same na milima ya Upare, mwaijua reli itokayo Tanga hata Moshi. Mwezi wa Mei 1916 jeshi la Waingereza liliifuata reli hiyo, nao Wadachi wakarudi nyuma, wakashika njia ya kusini. Vita viliendelea miaka miwili na nusu. Tarehe 25 Novemba 1918, siku 14 baada ya mapigano kwisha Ulaya, Jenerali von Lettow-Vorbeck aliweka silaha Abercorn, mji uitwao leo Mbala, katika Zambia.

Alikuwa na Wazungu wapatao 155, na askari Waafrika zaidi ya 1,100, pamoja na wapagazi wengi. Maofisa wa Kidachi waliachiwa panga zao kwa heshima, na mwaka 1919 wakarudishwa kwao kwa meli. Askari walipelekwa Tabora, wakawekwa kambini. Walikuwa wakidai mishahara ya siku nyingi, na mikononi walikuwa na hati za deni tu. Fedha zilikuja baada ya miaka.

Basi tukumbuke neno hili: bunduki huwekwa chini kwa siku moja, bali haki ya aliyeiweka haiishi siku ile. Heshima ikimfikia mkubwa peke yake, ni nusu ya heshima.