Bei ya Trekta Siyo Mwisho wa Gharama



Mwaka 1947 Waingereza walileta matrekta Kongwa kulima karanga. Mengi yalikuwa ya mtumba, yakaharibika, vipuri vikakosekana. Mwaka 1951 mpango ukafa. Hapo akina mama tunajifunza kwamba kununua siyo kumaliza.

Sisi tulipokwenda kwa wakala kutaka trekta jipya, juu ya bei aliandika usafirishaji, matayarisho, makaratasi na usajili. Tukauliza moja moja: hii ni ya serikali au ya duka? Usajili tulilipa, ni sheria. Usafirishaji tukaelewana. Ya makaratasi hakuweza kuieleza, akaifuta. Risiti zote zimo kwenye faili la kikundi, kila mwanachama anaruhusiwa kuziona.

Hela ya hisa ni jasho letu. Kabla ya kulipa, tuulize.