Soko la Krismasi Halikuanza na Taa

Kila Desemba simu zetu zinajaa video za masoko ya Krismasi ya Ujerumani: taa, vibanda vya mbao, divai ya moto. Halafu msee wa Njukini anaandika, "Sisi huku hatuna kitu." Ebu ngoja kidogo.

Soko la Dresden, ambalo siku hizi linaitwa Striezelmarkt, lilianza 1434. Lilikuwa la siku moja tu, la kuuza nyama, ndio watu wapate kitu cha kupika mfungo wa Majilio ukiisha. Basi. Watalii walikuja baadaye sana.

Sasa angalia Taveta, hapo chini yetu. Karne ya 19, kabla ya reli, misafara kutoka pwani ilipumzika hapo na kununua chakula. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani wakachora mpaka, Kilimanjaro ikabaki upande wa Wajerumani. Soko halikufa. Mpaka leo, Jumatano na Jumamosi, akina mama wa Kenya na Tanzania wanauziana ndizi, maharagwe na nyanya. Na Desemba ndio Wachagga wanarudi mlimani kula Krismasi na wazee wao.

Tofauti ni moja: Dresden mtu aliandika. Kwetu historia iko kwa vichwa vya wamama wa sokoni, na wanazeeka.

Simu unayo. Jumamosi kabla ya Krismasi panda matatu, nunua ndizi, halafu uliza shosho alianza kuuza lini. Rekodi.